Alfajiri za Mgema

Ninyi mlimwona. Msijifanye kushangaa. Mwaka ule wa 1954 mlimwona Edmund Kalinga amelala mtaroni, njia ya kwenda kanisani, mkainua pindo za nguo zenu, mkamruka, mkaenda kuimba. Na wewe unayesoma, kama hukuwa Iringa mwaka ule, unaye Edmund wako, na unaijua njia unayoizunguka ili usikutane naye. Basi kaa, usikie.

Nyumbani kwa Edmund palikuwa na amani. Asubuhi za mvua, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, yeye huyo na kisu chake, anapita mwanzi kwa mwanzi akikata ncha za machipukizi ili ulanzi, maji matamu ya mwanzi, udondoke ndani ya mbeta, kile chombo cha kipande cha mwanzi. Jioni anarudia. Mgema hakosi, akikosa siku mbili tatu, kidonda cha mwanzi hukauka, kazi imeharibika. Mkewe Verediana saa hiyo husali rozari na mtoto wao wa miaka mitatu, Evarista. Edmund akirudi humpa mtoto mtogwa, ulanzi wa asubuhi, mtamu, usiolevya. Nani kwetu hakulelewa nao?

Lakini ulanzi hautulii. Ule ule wa asubuhi, ukikaa, unageuka mkangafu, na mkangafu huangusha wanaume. Siku moja Edmund alikunywa mchana kutwa, akaiacha mbeta kando ya kitanda, akasinzia. Evarista akajinywea. Mtoto atajuaje? Mbeta ni ile ile, na baba ndiye humpa.

Verediana alimkuta mtoto amelegea, mwili baridi, pumzi ya kutafuta. Mtoto alizinduka kesho yake adhuhuri.

Mama mtu hakupiga kelele. Alifunga nguo zake na za mtoto katika furushi, akalitundika karibu na mlango.

"Mvua zikikatika, Baba Eva, nikakukuta ulivyo, nalitwaa hili na mwanangu, narudi kwa baba yangu. Sitamzika mtoto kwa ajili ya mianzi."

Jumapili Edmund alisimama mbele ya kanisa zima, akaapa kuacha. Mkapiga vigelegele! Alhamisi, harusini, rafiki yake Yohane akamnyooshea kikombe.

"Mtakatifu Edmund, utatubariki na koo kavu?"

"Nimeapa, bwana."

"Umeapa kuacha ulevi, hukuapa kuacha heshima. Kimoja tu."

Watu wakacheka. Katekista Philbert alikuwapo, kikombe chake mwenyewe gotini, akatazama paa. Edmund alirudi nyumbani akitambaa.

Asubuhi aliketi jikoni, kichwa mikononi.

"Mungu hanisikii, Mama Eva. Nilimwomba aniondolee kiu hii."

"Lini?"

"Si Jumapili?"

Verediana aliacha kukoroga uji. "Chipukizi jipya unalikata muda gani kabla halijadondosha?"

"Hata wiki nzima, asubuhi na jioni."

"Na unalitukana?"

"Nilitukane nini? Ndivyo lilivyo."

"Mungu umempitia Jumapili, mara moja, na Alhamisi unataka mbeta ijae! Uvumilivu unao, mume wangu. Umeupeleka wote bondeni."

Edmund alitaka kucheka, akajikuta analia.

Kesho yake aliamka saa ile ile ya kugema. Kisu alikiacha ukutani, akapiga magoti kando ya mkewe. Jioni, tena. Sala ilikuwa kavu kinywani, na kiu ilikuwa pale pale.

"Hakuna kitu," alinong'ona.

"Kata tena," Verediana akajibu.

Likawa neno lao. Siku moja alianguka. Hakungoja Jumapili, alipiga magoti jioni ile ile, akinuka, akiona haya. Kata tena. Bondeni vidonda vya mianzi vilikauka kimoja kimoja. Kwake yeye, kitu kilianza kudondoka: siku moja Yohane alimwita mtakatifu njia nzima, naye hakurudisha tusi, siku nyingine alipita penye kilabu, akagundua mbele ya safari kwamba amekwisha kupita.

Na ninyi? Hakuna aliyebisha hodi kwake. Philbert alimpelekea neno: "Akipona, aje."

Mvua zilipokatika, Verediana alilishusha furushi. Edmund alisimama kando, hakuthubutu kuuliza. Mkewe akalifungua, akatoa gauni la Evarista, akamvika, wakaenda misa wote watatu. Njiani mkawasalimu, kamwene, kamwene! Kana kwamba mlikuwa nao siku zote.

FUNZO

Imani si kiapo cha siku moja cha kupigiwa vigelegele. Kumkaribia Mungu ni kazi ya kila asubuhi na kila jioni, hata siku ambazo halidondoki tone. Aangukaye apige magoti siku ile ile. Anayemtafuta Mungu bila subira ni kama mgema anayetundika mbeta bila kukata mwanzi.

Na hili halijanitoka moyoni: Edmund aliokoka akiwa na mtu mmoja tu kando yake, na parokia nzima ilikuwa na magoti.

Mvua zinakaribia tena. Machipukizi yanatoka. Mlango wa Edmund wako unaujua. Kifunge kitabu hiki, nenda leo, saa ya kugema, bila kikombe mkononi, upige magoti pamoja naye. Na kesho alfajiri, rudi.