Kiti cha Mwenyewe

Kompyuta ya Nurdin ilianza kunuka karafuu maiti siku ya Jumanne, saa saba mchana, ikiwa imezimwa na waya umechomolewa.

Hakushtuka. Nurdin huyo ashtuke na nini? Shule aliiacha kidato cha pili kama ndala iliyokatika mkanda, akafungua banda la kuchapa barua pale Somanga, kando ya lami, na humo, kwa miaka tisa, akaandika peke yake mfumo mzima wa kuendesha kompyuta. Alidai ameamrishwa ndotoni, mwezi wa Ramadhani, aijengee nuru nyumba. Kila alipokaa kuandika alitawadha, akafukiza ubani. Wenye vyeti vyao walimcheka. Akawaambia watengeneze wao japo kikokotoo.

Mahali pamoja tu hakupajaza. Mfumo ule ukiamka huuliza jina la mwenyewe, na Nurdin alipaacha patupu. Mwenyewe ni Mungu, alisema, yeye fundi tu.

Jumanne hiyo alipoiwasha, palikuwa pamejazwa: NIMEKAA.

Akafuta. Likarudi. Akasingizia joto. Ndipo nyuma ya pazia mkewe Fauzia, mwenye mimba ya miezi saba, akalitamka neno lilelile kwa sauti nzito ya mzee.

Tangu hapo, kila jua liliposimama utosini, vitufe vya kompyuta vilisikika vikibonyezwa bila kidole juu yake, na kila kimoja kilipogonga Fauzia alijikunja mkekani, akakataa chakula, akaacha kuitika jina lake, na siku ya nne, alipowekewa mkono tumboni asubuhi hadi mchana, mtoto hakucheza hata mara moja.

Bi Esha, mganga wa Kivinje, alifika kwa bodaboda akimgombeza dereva. Nurdin akamwamkia, akaitikiwa, akaeleza yote. Mganga akainama sikioni mwa Fauzia, akauliza aliyekaa humo ni nani na kaitwa na nani. Midomo ya Fauzia ikajibu polepole kwamba nyumba ilifagiliwa, ubani ukachomwa, kiti kikaachwa wazi.

"Hapo kasema kweli, baba," Bi Esha akanong'ona. "Umefukiza bila kumtaja unayemwita. Ulitegemea aje nani, mkuu wa wilaya? Futa yote. Sasa hivi."

"Miaka tisa, bibi?"

"Basi chagua utakayemzika."

Nurdin akaitazama kazi yake. Avunje nyumba ya nini, akasema, wakati mwenyewe anaweza kukaa? Aandike jina lake pale, mgeni atakosa nafasi.

Bi Esha akamshika mkono, akamgusa kifua. "Ukikaa mle, humu atakaa nani?"

Akacheka, maskini, kicheko kidogo. Hizo ni herufi tu, bibi. Akaandika NURDIN, akabonyeza.

Harufu ikakatika papo hapo. Fauzia akafumbua macho, akajishika tumbo. Mtoto alikuwa anapiga mateke kwa nguvu. Akalia kwa furaha, akaomba maji. Bi Esha hakufurahi naye. Alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, akisoma kimoyomoyo, macho yake akiyakwepesha yasimwangukie Nurdin.

"Nurdin," Fauzia akaita.

Kwenye skrini herufi zikajiandika, moja moja, kwa haraka ya mtu anayezama: NAAM, FAUZIA.

Na yule mwanamume aliyesimama kando ya pazia akageuka taratibu, akamwangalia kuanzia miguuni kwenda juu, kama mgeni anayeonyeshwa chumba chake.