Sindano ya Alhamisi

Tusekile wa kijiji cha Lufingo alikuwa mwanamke mwenye wivu, na hakuona haya kusema hivyo. Nsajigwa alikuwa mume wake yeye peke yake, basi. Siku moja akina mama wa kwaya walimsifu Nsajigwa kwa sauti yake nzuri, na roho ilimwuma Tusekile wiki nzima.

Waliishi vizuri. Asubuhi walichuma chai, mchana walihudumia migomba, jioni walikula pamoja na binti yao, Tulia. Shida ilikuwa Alhamisi moja tu katika kila mwezi.

Alhamisi hiyo Nsajigwa alikwenda Tukuyu mjini. Alioga kwa sabuni ya kunukia. Sabuni hizo sasa zilijaa madukani, baada ya ile miaka ya kupanga foleni kwa kipande kimoja. Alivaa koti lake la mtumba. Akiulizwa anakwenda wapi, alijibu kwamba ana shughuli. Sasa mchuma chai ana shughuli gani ya kunukia?

Jibu aliletewa na jirani yake, Elina, muuza ndizi. Elina alikuwa amempeleka mtoto wake hospitali. Huko alimwona Nsajigwa akiingia chumbani na nesi mmoja, kijana na mzuri. Mlango ukafungwa. Baadaye Nsajigwa alitoka huku anafunga mkanda wa suruali.

Tusekile hakula siku hiyo.

Alhamisi nyingine ilipofika, alisimama mlangoni. "Baba Tulia, ukienda mjini leo, ukirudi hunikuti. Nitakuwa kwa wazazi wangu Matwebe."

Nsajigwa aligeuka, akarudi ndani. Akavua koti, akaenda kuchuma chai. Mwezi uliofuata alibaki nyumbani tena. Tusekile alijiona mshindi. Aliimba jikoni.

Ushindi wenyewe haukudumu. Nsajigwa alianza kukosa usingizi. Akawa anasimama kwenye migomba, anajibizana na watu wasiokuwepo. Alisema kuna watu wanapanga kumwua. Kisha akakataa chakula cha mke wake, eti kina sumu. Hapo Tusekile alilia. Alikuwa na hakika kwamba yule nesi amemroga mume wake ili amchukue.

Kumbe nesi mwenyewe alikuwa njiani. Alifika kwa pikipiki ya hospitali, akajitambulisha kwa jina la Felista. Tusekile alimtazama toka juu mpaka chini. Kwa bahati mbaya alikuwa mzuri kweli.

"Umemfuata mpaka hapa," Tusekile alisema.

"Nimemfuata, mama. Amekosa sindano mbili."

Felista hakusema zaidi. Alimgeukia Nsajigwa, aliyekuwa amejikunyata kwenye kona, akamwomba ruhusa ya kumweleza mke wake. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nsajigwa akatikisa kichwa kukubali.

"Niliugua kichwa kabla sijakuoa," alisema kwa shida, bila kumtazama mke wake. "Wazee wenu walipokuja kuuliza kama kwetu kuna kichaa, wazee wangu walikana. Ningekwambiaje?"

Tusekile alikaa chini. Ni kweli, huko kwao watu huuliza mambo hayo kabla ya kutoa binti. Na ni kweli pia kwamba wangejibiwa ukweli, asingeolewa naye. Alisikia hasira, kisha huruma, kisha hasira tena. Mwishoni aliuliza ugonjwa huo ni uchawi wa nani.

Felista alisema si uchawi, na si adhabu. Ni ugonjwa wa ubongo. Ndani ya ubongo kuna chembe nyingi ndogo sana. Chembe hizo hupelekeana habari kwa kutumia kemikali za mwili. Kwa mgonjwa kama Nsajigwa, wataalamu wanaona kwamba kemikali moja inafanya kazi kupita kiasi. Habari zinakuwa nyingi mno, na nyingine si za kweli. Mtu anasikia sauti zisizokuwepo, anaona anawindwa.

"Dawa inaziba baadhi ya milango ambayo kemikali hiyo inaingilia," alieleza. "Kelele zinapungua, mtu anatulia. Lakini dawa inatuliza ugonjwa, haiung'oi. Dawa ya sindano moja inasambaa mwilini polepole kwa mwezi mzima. Mtu akiacha, siku za mwanzo haoni tofauti. Anadhani amepona. Kisha ugonjwa unarudi."

Tusekile alikumbuka alivyokuwa akiimba jikoni. Aliona aibu.

Felista aliongeza kwamba dawa ina maudhi yake. Mikono inaweza kutetemeka, mwili kukakamaa, usingizi kuzidi. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu hiyo, aje aseme. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kumpa vidonge vya kusaidia.

Tusekile alisikiliza yote. Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa bado linamchoma.

"Sindano yenyewe mnamchoma wapi?"

"Takoni."

"Anayemchoma ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi kuanzia leo na mimi nitakuwepo chumbani," Tusekile alisema.

Felista alicheka mpaka akashika mbavu. "Njoo, mama. Nilikuwa natafuta mtu wa nyumbani wa kumkumbusha. Mwenye wivu hasahau siku."

Siku hiyo Nsajigwa alikubali kuchomwa palepale nyumbani, na kweli Tusekile hakusahau siku tena. Kila mwezi alikwenda naye, akasimama karibu, macho kwenye sindano. Nsajigwa hakupona mara moja. Wiki zilipita kabla sauti hazijapungua. Alianza kulala, kisha kula chakula cha mke wake, kisha kuimba kwaya.

Mwaka uliofuata kulitokea msiba kijijini, na siku ya kliniki ikaangukia katikati ya msiba. Kwao mwanamume haondoki msibani hivi hivi. Nsajigwa alitaka kubaki. Tusekile alimwambia aende, yeye atabaki na waombolezaji. Mchana, mjomba wa Nsajigwa aliuliza kwa sauti mbele ya watu wote kijana wao yuko wapi.

Wanawake, Mama Simon akiwa mmoja wao, waligeuka kumtazama Tusekile. Angeweza kusema ana shughuli mjini.

"Ameenda kliniki ya akili kuchomwa sindano," alijibu. "Akimaliza anarudi."

Mjomba alikohoa, akatazama pembeni. Hakuna aliyecheka.

Jioni Nsajigwa alirudi. Tusekile alimvuta kando, akamwambia alichosema. Nsajigwa aliinamisha kichwa.

"Umewaambia wote?"

"Wote."

"Wakasemaje?"

"Mama Simon amenifuata nyuma ya nyumba," Tusekile alisema. "Ameuliza kliniki ni siku gani, ampeleke mwanawe."