Aliyefunga Msafara

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka kwenye kituo cha mabasi cha Kencom, Nairobi. Katika msongamano wa abiria, Kavindu, muuguzi aliyeishi Uthiru, alimmwagia chai kijana mmoja kwenye koti jipya la kijani. Kijana huyo, Sifuna wa Kinoo, alikuwa akielekea kulekule alikokwenda Kavindu: kutembea katika korongo la Mto Mbagathi, na kundi lilelile.

Sifuna ndiye aliyefunga msafara. Hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyuma yake. Kavindu alisimama kwenye kila ua kulitazama.

"Dada, hilo ni la tisa. Tutalala huku?"

"Si wewe ndiye wa mwisho? Basi ningoje."

Sifuna alimngoja miezi mitano, kila Jumamosi. Jioni alimpigia simu, na Kavindu akazoea kumwita "wa mwisho wangu".

Aprili, hospitali ilitaka muuguzi mmoja aende Lodwar, mbali kaskazini, kwa miaka mitatu: Kavindu, au mwenzake Kanini, aliyekuwa akimuuguza mama yake. Jibu lilitakiwa Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Kavindu alimweleza Sifuna, akasema wangezungumza njiani.

Siku hiyo alivaa blauzi ya njano aliyoipenda Sifuna. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na maua mekundu ya duara yalikuwa yamechomoza kando ya mto. Aligeuka nyuma. Akamwona Makau, kiongozi wa kundi, akifunga msafara badala ya Sifuna.

"Sifuna ameomba kutangulia leo," Makau alisema. "Hakusema kwa nini."

Kavindu alitembea nusu saa bila kutazama ua lolote. Saa tano na nusu alimpigia Kanini.

Kwenye maporomoko ya maji alimkuta Sifuna amepiga goti, pete mkononi. Alikuwa amezungushia maua mawe ili kundi lisiyakanyage.

"Nilitaka uyakute mazima," alisema. "Kavindu, baki nami."

"Nimeshamwambia Kanini nitaenda mimi. Alilia, akamwita mamake asikie. Siwezi kumpigia tena."

"Basi nitakungoja."

"Umeningoja miezi mitano, mpenzi. Niliihitaji saa moja tu ya leo, kabla sijampigia." Akamkunja vidole juu ya pete. "Usiningoje tena."

Makau aliwahesabu watu: kumi na wanane, wote salama. Kanini alibaki Nairobi. Kavindu alisafiri Jumanne. Sifuna bado hufunga msafara. Husimama kwenye kila ua, na kundi humngoja.