Shamba la Susu Mutanu

Kila jioni Kaluki alipeta ndengu nje ya jikoni, katika kijiji cha Kalamba. Susu Mutanu, nyanya wa mume wake, aliketi kando yake akisimulia mambo ya zamani.

"Nilipoolewa, shamba letu lilienda hadi ng'ambo ya kilima," alisema. "Ng'ombe walikuwa wengi. Mtama ulijaa ghalani mpaka mlango haufungiki."

Kaluki alipenda kusikia. Lakini sasa shamba lilikuwa limekatwa vipande. Wana wa Susu waligawana, kisha wajukuu wakagawana. Mikonge ya mipaka ilikuwa kila mahali. Kipande cha mumewe, Kivuva, hakikuwatosha watoto wao wanne.

Siku moja Nzau, mdogo wake Kivuva, alikuja.

"Ninaoa Desemba. Nikatieni sehemu yangu."

"Nikukatie wapi?" Kivuva aliuliza. "Kimebaki kipande cha Susu tu."

Nzau alikasirika. "Siku hizi wazee wanaishi na kuishi. Ndiyo maana ardhi haitoshi!"

Susu alisikia. Chakula kilipoletwa, alikisukuma.

"Pengine Nzau anasema kweli," alimwambia Kaluki. "Nimekaa sana."

Kaluki aliogopa. Alimwita jirani yao Nthenya, mhudumu wa afya wa kijiji. Jumapili baada ya kanisa, wote waliketi pamoja.

"Susu," Nthenya aliuliza, "ulizaa watoto wangapi?"

"Tisa. Nikazika wanne. Surua ilichukua wawili kwa wiki moja." Sauti yake ilishuka. "Niliogopa kubaki bila mtoto. Kwa hivyo nilizaa tena na tena."

Nzau hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Aliinamisha kichwa.

"Leo kuna chanjo na dawa," Nthenya alisema. "Watoto wanakua, na wazee tunakaa nao. Hiyo ni baraka, si kosa. Lakini bado tunazaa kama watu wenye hofu ile ya zamani, kisha tunakata shamba mpaka halilimiki."

"Sasa tufanye nini?" Kivuva aliuliza.

"Mume na mke wapange pamoja idadi ya watoto. Kwa kliniki kuna njia nyingi za kupanga uzazi, nesi atawaeleza. Na shamba msilikate tena. Limeni pamoja, mgawane mavuno."

"Lakini baba yangu alikuwa na watoto wengi. Watu watanicheka," Kivuva alisema.

"Baba Mbithe," Kaluki alimwambia mumewe polepole, "mimi nimechoka. Hawa wanne tuwasomeshe."

Kivuva alimgeukia mke wake. "Basi kesho twende kliniki pamoja."

Nzau alipiga magoti mbele ya nyanya yake. "Nisamehe, Susu. Hao wanne uliowazika waliitwa nani?"

Susu aliwataja mmoja mmoja. Kisha akaomba chakula.

Kabla ya mvua ya Novemba, ndugu hao waling'oa mikonge kati ya kipande cha Kivuva na cha Susu na kutengeneza matuta. Nzau alioa, na yeye na mkewe wakakubaliana kungoja kidogo kabla ya kupata mtoto. Ndengu zilipokomaa, magunia yalijaa kuliko walivyozoea, na nyingine wakaziuza katika soko la Mukuyuni.

Baada ya kuvuna, Susu aliomba kutembezwa shambani. Nzau alimshika mkono. Walitembea polepole, na hakuna mpaka uliowazuia.

"Limekuwa kama zamani, Susu?"

"Hapana," alijibu. "Zamani nilipita hapa nikiwalilia wanangu. Leo napita na wewe."