Bakuli la Baba

Kila asubuhi Nadhira alitumwa mahamri kwa Mama Kafedha. Hapakuwa mbali. Mama Kafedha, ambaye jina lake hasa ni Gladys, alikaa nyumba ya pili, na karai lake la mafuta lilichemka barazani tangu alfajiri. Watu wa mtaa ule wa Shika Adabu walimzunguka na sahani zao, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia.

Zamani Nadhira alikuwa hodari wa kujipenyeza. Siku hizi alisimama nyuma akingoja zamu yake, maana nyumbani hapakuwa na la kukimbilia. Baba yake, Zuhair, aliyefanya kazi bandarini Kipevu, alifariki mvua zilipoanza. Mama yake alikuwa amekaa eda, hatoki nje ila kwa dharura. Mama mdogo Shaza alihamia kwao kusaidia, na msaada wake ulikuwa na maneno mengi. Safwan, mdogo wake Nadhira, alikuwa na miaka minne tu, na bado aliuliza baba atarudi lini.

Shuleni kulikuwa na jambo moja la kumchangamsha, nalo ni ubishi juu ya Kisiwa cha Kengele. Hiyo ilikuwa katuni ndefu iliyopendwa sana na watoto, kisha ikatengenezewa filamu iliyoigizwa na watu halisi. Kafedha, binti wa Gladys na rafiki mkubwa wa Nadhira, alikuwa upande wa katuni. Nadhira alikuwa ameona filamu tu, kwenye simu ya Mama mdogo Shaza, lakini aliitetea kufa kupona.

Mwalimu Mansur aliwakuta wakibishana darasani. Badala ya kuwafokea, akaugeuza ubishi ule kuwa somo.

"Waliochora kisiwa hicho wameazima mengi kutoka Asia," alisema. "Yale mapaa yaliyopinda ncha yametoka Uchina. Zile nguo pana za sherehe, Korea. Na ile desturi ya kuweka chakula na ubani mbele ya picha ya marehemu, mtaikuta katika nyumba nyingi za huko. Si uchawi wa katuni, ni heshima ya watu kwa wazee wao. Ila filamu imekata mengi ili iwe fupi."

Nadhira alisikia habari ya marehemu tu, mengine yakampita. Katika filamu, msichana aitwaye Soyan aliweka bakuli la wali mbele ya picha ya mama yake, akafunga mlango. Asubuhi bakuli lilikuwa tupu.

Alhamisi iliyofuata, baada ya chakula cha jioni, Nadhira alichukua kitambulisho cha kazi cha baba chenye picha yake. Akakiegemeza ukutani katika chumba cha stoo, nyuma ya masanduku, na mbele yake akaweka bakuli la wali wa nazi. Hakuna aliyeuliza wali umekwenda wapi. Asubuhi alipochungulia, bakuli lilikuwa jeupe, halina hata punje.

"Baba amekula," alijiambia, machozi yakimtoka kwa furaha.

Hakumwambia mtu. Mama mdogo Shaza angesikia, angewaita masheikh wote wa Likoni. Basi kila Alhamisi Nadhira aliweka bakuli, na kila Ijumaa aliliosha, akatembea siku nzima akiwa na moyo mwepesi.

Ikaja Alhamisi moja ya joto kali, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo fupi. Jioni walikula mkate, na wali uliokuwepo ulikuwa wa mchana. Nadhira akaweka huohuo. Kesho yake, kabla ya saa sita, Safwan alikuwa akitapika mfululizo, macho yamemwingia ndani. Mama alijitanda leso atoke naye, Shaza akamtangulia. Akambeba mtoto, akakimbia naye zahanati, na Nadhira nyuma yake.

"Amekula nini tangu jana?" muuguzi aliuliza akimtundikia dripu.

"Mahamri ya Gladys!" Shaza alijibu haraka. "Nini tena? Yale mafuta yake wallahi hayabadilishwi."

Safwan alimvuta dada yake sikio. "Nimekula wali wa baba," alinong'ona. "Kule stoo. Mimi huula kila ukiuweka. Leo ulikuwa mchachu."

Nadhira alitazama dripu ikidondoka. Ndugu yake alikuwa amelala pale kwa sababu yake. Tena kulikuwa na jambo lingine, zito zaidi, ambalo hakutaka hata kulifikiri.

"Na wewe binti," muuguzi akamgeukia, "kuna kingine alichokula?"

"Sijui," alisema Nadhira.

Jioni Safwan alirudishwa nyumbani, mnyonge lakini ameacha kutapika. Neno la Shaza lilikuwa limeshatangulia kufika mtaani. Siku zilizofuata karai la Gladys lilizungukwa na nzi wengi kuliko watu. Waliomjua tangu ujana wao walipita upande wa pili wakijifanya wanasoma simu. Gladys ndiye aliyekuwa akiwaendea akina Nadhira sokoni tangu mama aingie eda, na hata sasa alileta uji wa mgonjwa. Shaza alimrudishia bakuli mlangoni likiwa limejaa.

Nadhira aliyaona hayo dirishani. Akashusha pazia.

Siku ya nne alimkuta Kafedha barazani, amekaa peke yake na beseni la mahamri yaliyopoa.

"Nawe umekuja kuniambia mamangu ni mchafu?" Kafedha aliuliza bila kuinua uso.

"La." Nadhira aliketi. "Kafedha, kwenye katuni, ule wali wa Soyan uliliwa na nani?"

"Na wote. Soyan, babu yake na majirani. Walifanya maombi yao, wakaushusha ukiwa moto, wakala pamoja. Kwenye filamu wameparuka hapo, ndiyo maana nasema haifai."

"Mamake hakuja kula?"

Kafedha alimtazama kwa mshangao. "Alikuwa amekufa, Nadhira."

Nadhira aliinuka, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Mama alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi.

"Mama."

"Ndoo ukae hapa, mwanangu. Una nini?"

Alimweleza yote, toka kitambulisho nyuma ya masanduku hadi neno alilomjibu muuguzi. Nadhira alipomaliza, lile jambo zito likamtoka lenyewe.

"Kwa hivyo baba hakuja?"

"Hakuja, mwanangu," mama alisema, akiiweka tasbihi chini. "Baba hatakuja."

Walilia pamoja kwa muda mrefu, kilio ambacho Nadhira alikuwa amekikwepa tangu siku ya mazishi. Kisha mama alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Wajua kwa nini hakuna aliyeona wali umepungua? Shaza huniuliza apime kiasi gani, nami namtajia kipimo kilekile cha zamani. Sijaweza kumtoa babako kwenye sufuria. Hata mimi n'nayafanya yale yako ya stoo, ila bila bakuli."

Akamwita Shaza, akamweleza. Mama alimwambia maneno machache tu: "Ulivyomsema Gladys kwa sauti, kamtake radhi kwa sauti."

Na Shaza alikwenda. Alisimama barazani kwa Gladys saa ya wateja, uso umemshuka, akatamka kosa lake mtaa mzima ukisikia. Nadhira alisimama kando yake, akasema na lake. Gladys hakucheka wala hakuwakumbatia. Alisema, "Nimesikia," akageuza mahamri karaini. Ilichukua siku kadhaa kabla sahani hazijarudi zote.

Ijumaa nyumbani palisomwa dua ya Zuhair, ukapikwa wali wa nazi kwa kipimo kilekile. Mama alimweka Nadhira mbele yake.

"Watu wa Asia wana desturi yao, na ina heshima yake. Sisi tuna dua na sadaka. Ukitaka kuiga jambo la watu, ulijue lote, umuulize anayejua, kwa sababu wewe ulichukua kipande na kipande kikamlaza ndugu yako. Lakini sikiza, Nadhira. Kilichomuumiza Gladys si wali. Ni lile neno lako 'sijui'. Ukweli ungeusema palepale zahanati, asingelala na beseni lililojaa hata siku moja."

"Nimeelewa, mama."

Mama alipakua. Alipofika fungu la baba, mkono ulisita kidogo juu ya sufuria, kisha akalijaza bakuli hadi juu.

"Wapelekee Kafedha na mamake, ungali moto."

Nadhira alilibeba bakuli kwa mikono miwili, akatoka nalo mchana kweupe.