Wokovu Wetu Ulipakwa Rangi ya Viatu

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa binti mmoja, Mwende, na nimerudi kuishi kwa mama yangu huko Mitaboni. Sikufukuzwa kwa ulevi wala uzinzi. Nilifukuzwa kwa sababu ya maneno mawili niliyoyatamka mbele ya watu… Nisikilizeni kwanza, wasomaji wenzangu, kisha mnihukumu.

Niliolewa Wamunyu na mchongaji aitwaye Mutua. Huko wanaume huchonga vinyago. Wake zao hupiga msasa na kung'arisha. Mutua alikuwa shemasi. Alipotoa ushuhuda, kanisa zima lililia! Nilimpendea ushuhuda huo.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Bi Salma, Mwislamu mwenye duka Machakos mjini, ambaye wazee wake walitoka Pwani. Wanunuzi wote wana desturi moja: hukigeuza kinyago na kukikwaruza chini kwa kisu. Mpingo ni mweusi hadi ndani. Mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu huumbuka papo hapo. Bi Salma alimkwaruzia kila mchongaji, isipokuwa sisi.

"Hawa wangu wameokoka," aliwaambia wengine huku akicheka. "Nyinyi hata mkiapa, kisu kiko mkobani!"

Maneno yale yalinifurahisha kuliko mahubiri yoyote. Sikuwahi kumhubiria Bi Salma hata siku moja. Nilijua kwamba kinyago kisichokwaruzwa kilikuwa kimeshamhubiria.

Kisha mpingo ukaadimika. Mutua akaleta vipande vya mjakaranda, mti mweupe, na kopo la rangi nyeusi ya viatu. Nikakataa kupaka.

"Wazungu wanataka vyeusi tu, Mama Mwende. Nani atapasua twiga aangalie matumbo?"

"Bi Salma atajua."

"Bi Salma hakwaruzi vyetu!"

Moyo ulinipasuka. Kumbe imani ya yule mama kwetu ndiyo aliyotaka kuiuza! Nililia sana. Mutua naye akalia, akapiga magoti, tukaomba pamoja, kisha akalitupa lile kopo chooni. Nilimwamini. Ningekosaje kumwamini mtu anayeomba hivyo?

Baada ya hapo alianza kupeleka baadhi ya vinyago vikamaliziwe kwa ndugu yake, eti nisichoke. Nilimshukuru… Nilimshukuru, jamani!

Asubuhi moja ya mvua Bi Salma alifika bandani tulipochongea na wenzetu, akiwa amebeba twiga aliyefungwa katika kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa na mabaka meusi. Twiga huyo alikuwa amelowa ndani ya sanduku la mteja wake na kuharibu nguo zote.

"Bwana asifiwe, Bi Salma!" Mutua alimlaki.

"Asifiwe. Lakini twiga wako ametoka jasho."

Wachongaji wakaangua kicheko. Bi Salma hakucheka.

Mutua akainua mkono juu. "Mungu wangu ni shahidi, huyo tuliyekupa ni wa mpingo! Umebadilishiwa huko mjini."

Bi Salma hakubishana naye. Alinigeukia, akaniwekea twiga mikononi. "Mama Mwende, mwanangu, sema wewe. Ukisema ni mpingo, narudi zangu nimeridhika."

Twiga alikuwa mwepesi kama kuni kavu, na mpingo ni mzito. Mutua alinikazia macho. Mchongaji mmoja akaninong'oneza, "Mwaitu, mama yetu, nyamaza. Hiyo ni nyumba yako."

Nyumba yangu… Nilijua. Lakini jina la Mungu lilikuwa limeshatajwa hapo, na mwanamke yule alikuwa akingoja kuona kama tunalimaanisha.

"Si mpingo," nikasema.

Kabla jua halijatua, nguo zangu na za Mwende zilikuwa nje, matopeni. Nilikimbilia kwa mzee wa kanisa. Mnajua aliniambia nini?

"Hata kama alikosa, unamwaibisha mumeo mbele ya Mwislamu? Nenda umwombe msamaha."

Nilimuuliza: kama si mbele yake, tulitakiwa kuwa wakweli mbele ya nani? Akanifungulia mlango nitoke. Kina mama niliofunga na kuomba nao wakaanza kuhama benchi nilipoketi. Mutua bado ni shemasi. Nasikia sasa anashuhudia jinsi Shetani alivyomtumia mkewe!

Dhiki iliponizidi nilikwenda kwa Bi Salma kuomba kazi ya msasa. Alinipa chai, akanipa na kazi. Lakini nilipomrudishia tembo wa kwanza, wa mpingo halisi, alimgeuza, akatoa kisu mkobani, akamkwaruza chini ya unyayo.

Mweusi.

"Usiudhike, mwanangu," alisema bila kunitazama. "Siku hizi nakwaruza kila mtu."

Ndoa yangu niliililia nikamaliza. Ule mkwaruzo naulilia hadi leo.

Dada zangu, msiolewe na machozi ya kanisani. Muulizeni kwanza anayefanya naye kazi, na anayenunua kwake. Nanyi mliookoka, mkiona mtu anawaamini bila kuwakagua, ogopeni! Msimfanyie alivyofanyiwa Bi Salma.

Mimi bado nampelekea kazi yake. Nikifika, simsubiri aniulize. Kila kinyago nakigeuza mwenyewe, unyayo juu, kisha nangoja atoe kisu.