Kuku Mwenye Sauti ya Matangazo

"Begi la rangi gani, kaka?"

"Jeusi."

"Hapa mabegi meusi ni mengi kuliko abiria. Lina nini ndani?"

Kijana alisita. Kituo cha mabasi kilikuwa kimefurika, watu wanasukumana, injini zinanguruma, na yeye amesimama kwenye dirisha la chumba cha matangazo, shati limemlowa mgongoni. Ndani ya begi mlikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta mlikuwa na kitu alichokipenda kuliko kazi yake: mchezo wa kurushiana risasi ambao watu waliucheza pamoja kupitia mtandao, kwenye seva, yaani kompyuta ya kuwaunganisha, aliyoisimamia mwenyewe. Lakini mtu mzima na ndevu zake atasemaje hayo mbele ya msichana mzuri vile?

"Kompyuta ya kazi," alisema.

Mtangazaji alimtazama. Alikuwa amevaa shati la bluu la sare, limepigwa pasi hadi mikono inakata, na shingoni skafu ya manjano ya kulinda koo. Akabonyeza kitufe. Sauti iliyotoka kwenye vipaza ilikuwa nzito, tulivu, ya mtu anayejua kila basi liko wapi. "Tafadhali, aliyechukua begi jeusi lenye kompyuta kwa bahati mbaya, alilete chumba cha matangazo. Mwenyewe yuko hapa, anakaribia kulia."

"Silii!"

"Unakaribia, nimesema."

Mpagazi mmoja alilileta. Kesho yake kijana alirudi kushukuru. Keshokutwa yake alirudi bila sababu yoyote, na Mtangazaji hakumwuliza sababu.

Kijana alikuwa fundi wa kompyuta, ana meza yake kwenye duka la matengenezo, na Mtangazaji akamwita Fundi tu, kwanza kwa utani, baadaye kwa mapenzi. Walikula pamoja kwenye benchi nyuma ya ofisi ya tiketi. Simu zao hazikupoa. Lakini Mtangazaji alishinda akisema mchana kutwa, na jioni koo lilikuwa limechoka, kwa hiyo badala ya kupiga alimtumia ujumbe wa sauti, ananong'ona.

"Ile ya kituoni ni ya kila mtu," alimwambia siku moja akimrekebisha kola. "Hii ya kunong'ona ni yako peke yako. Umesikia, laazizi?"

"Nimesikia."

"Na mama anauliza unakuja lini nyumbani."

Mama huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke asiyezunguka maneno, na Fundi alikuwa amemwona mara moja tu akimkemea dereva wa lori hadi dereva akashuka kuomba radhi. "Nitakuja," alisema. Hakusema kwamba alikuwa anafanya mazoezi ya kuzungumza na mama huyo, peke yake chumbani, anajirekodi kwenye simu ili asikie anavyogugumia.

Wakati huo kwenye seva yake kulikuwa na malalamiko. Wachezaji walichoka kuuana kwa mtindo uleule. Fundi akaamua kuwaandikia mchezo mpya ndani ya mchezo. Programu ingemchagua mchezaji mmoja kila duru na kumgeuza kuku mkubwa asiye na bunduki, anayeruka hadi juu ya mapaa. Wengine wamwinde. Atakayempiga, manyoya yaruke, kuku alie, na mpigaji ageuke kuku yeye. Aliandika, akajaribu, akacheka peke yake kuku alipokwama kwenye bomba la maji. Kilichokosekana ni kilio. Hakuwa na sauti ya kuku, kwa hiyo akaiambia programu ichukue faili lolote kutoka folda moja ya sauti iliyokuwamo kwenye kompyuta, ili tu aone kama inafanya kazi.

Folda hiyo ilikuwa ya jumbe za Mtangazaji, ambazo Fundi alizihifadhi zisipotee.

Ilifanya kazi. Akajiambia atabadilisha mstari ule wa programu baadaye. Kisha wateja wakaja na kompyuta zilizomwagikiwa chai, rafiki yake wa seva akapiga simu mara tatu, "Bwana, kuku wako ataanguliwa lini?" na Fundi, akiwa na bisibisi mdomoni, akabonyeza kufungulia watu wote. Alisahau. Hakuna sababu nyingine ya kumtetea.

Asubuhi iliyofuata Mtangazaji alitembea kutoka lango la kituo kuelekea chumbani kwake, sketi imenyooka, skafu imefungwa vizuri. Kondakta mwenye kofia nyekundu alimwona.

"Dada Matangazo! Shati bado unalinusa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akasimama. "Unasema nini wewe?"

Kondakta hakuwa mtu mbaya, ila hakujua kuacha. Akatoa simu. Kwenye video kuku mkubwa alikuwa anakimbia, risasi ikampata, manyoya yakatapakaa, na sauti yake, ile ya kunong'ona, ikasikika kituoni: "Mpenzi, nimelivaa shati lako, nalinusa kama mwendawazimu. Usicheke, wewe."

Hapo kila mtu aliijua sauti ile. Walikuwa wanaisikia kila siku.

Aliingia chumbani, akafunga dirisha. Basi la kwanza liliondoka bila kutangazwa, na la pili, hadi msimamizi akaja kugonga. Alipokaa kwenye kipaza na kusema "Abiria wote," mtu huko nje akajibu kwa mnong'ono wa kuiga, "Usicheke, wewe." Akazima kipaza. Shavu lilimwaka kana kwamba amepigwa.

Alimpigia Fundi.

"Kipenzi, mapema hivi?"

"Kuku wako analia kwa sauti ya nani?"

Kiti kikaanguka upande wa pili. "Mungu wangu. Ule mstari. Sikuubadilisha."

"Kumbe ni kweli. Ulikaa na wenzako mkanisikiliza mkacheka."

"Hapana! Ilikuwa ya kujaribia tu, nilisahau, naapa. Naizima sasa hivi. Ninakuja hapo, nitaomba radhi kwenye kipaza, watu wote wasikie."

"Umenianika mara moja, sasa unataka kunianika tena kwa spika?"

"Basi nifanye nini?"

"Kwanza niambie, mchezo gani? Mbona sijui kama una mchezo? Si kompyuta ya kazi?"

Fundi aliona haya kusema, ndiyo yote. Aliona haya kwa jambo dogo la kwake, akaishia kumtia aibu kubwa mwenzake.

"Ungejua ilivyo," alisema Mtangazaji, na sauti ilianza kumkatika. "Siku moja ya kwako yasikilizwe na kituo kizima, ndipo ungejua." Akakata.

Fundi aliufunga mchezo, akafuta mafaili yote, akawaandikia wachezaji kwamba sauti zile ziliwekwa bila ruhusa ya mwenyewe na kosa ni lake, anayesambaza video aache. Baadhi waliacha. Alipiga simu, haikupokewa. Alitamani kwenda kituoni. Alifika hadi langoni mara moja, akasikia tangazo la mabasi likisomwa na mwanamume mwingine, akageuka na kurudi huku amejikunyata kama mwizi.

Dukani alikaa mbele ya kompyuta hadi chai ikapoa. Kisha akaifungua programu ya kuku, akaenda kwenye mstari ule, na mahali pa folda akaandika jina la faili moja tu, alilolitoa kwenye simu yake. Alilisikiliza hadi mwisho mara moja. Masikio yakamwaka moto. Akafungulia watu wote.

Nyumbani kwao, Mtangazaji alikuwa ameomba ruhusa ya ugonjwa. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani.

"Mwanangu, watu wa jikoni wananiambia sauti yako imeingia kwenye bunduki. Imeingiaje?"

"Kwenye kuku, mama."

"Kuku tena?"

Akamweleza yote, uso kwenye mto. Mama akasikiliza. "Ulimtukana mtu?"

"Hapana."

"Uliiba?"

"Hapana, mama."

"Ulimwambia mwanamume unampenda. Mjinga ni aliyeacha mlango wazi. Amka, unywe uji."

Simu ikaita. Kondakta mwenye kofia nyekundu. Mtangazaji alitaka kukata, lakini sauti ya Kondakta ilikuwa ya mtu aliyenywea. "Dada, nisamehe kwa ile siku. Nilivuka mpaka. Sasa sikiliza hii, kuku amebadilika sauti. Sisi tumecheka hadi tumeona huruma."

Akaicheza video kwenye simu ya pili, na Mtangazaji akaweka spika. Mlio wa risasi, kisha mwanamume anagugumia: "Shikamoo, mama. Mimi... mimi ni yule... yaani nimekuja... Ee, hapana. Shikamoo, mama. Nampenda sana mtoto... nataka kumwoa... Ah! Naomba maji."

Mama alipiga kofi moja, akaziba mdomo. Mtangazaji hakucheka. Alimwambia Kondakta airudie, kisha akaisikiliza tena.

Fundi aliingia kituoni siku ya pili, kwa miguu yake, katikati ya mchana watu wakiwa wamejaa. Alivaa shati jeupe lililobana shingo. Hakufika hatua nyingi.

"Naomba maji!" alipiga kelele mpagazi.

"Shikamoo, mama!" dereva akadakia.

"Mpeni maji jamani, bwana harusi anakauka!"

Alitembea. Hakuinamisha kichwa, ingawa masikio yalikuwa mekundu na jasho linamtiririka. Alitaka kujua njia ile ilikuwa ndefu kiasi gani kwa mwenzake, na ilikuwa ndefu. Akiwa bado katikati, vipaza vikakohoa, na ile sauti nzito, tulivu, ikarudi kituoni.

"Tafadhali. Mwenye kuomba maji afike chumba cha matangazo. Wengine wote, basi lenu linaondoka, pandeni."

Kituo kikalipuka kwa makofi. Dirishani alikuwa amesimama, skafu ya manjano shingoni, macho mekundu.

"Sijakusamehe yote," alisema.

"Najua."

"Ningali naona aibu kupita pale langoni."

"Na mimi pia."

"Basi tutapita wote. Na ile folda?"

"Nimefuta. Sina hata moja."

Mtangazaji akamwinamia sikioni, mkono umefunika kipaza kilichozimwa, akanong'ona kitu ambacho hakikurekodiwa popote.

Jioni hiyo walibisha nyumbani. Mama alifungua, akamtazama kijana kuanzia viatu hadi kola.

"Shikamoo, mama. Mimi... mimi ni..."

Mama aliinua mkono kumnyamazisha. Mkono wa pili, uliokuwa nyuma ya mgongo, ulikuja mbele na glasi ya maji, imejaa hadi ukingoni.

"Kunywa kwanza," alisema. "Halafu useme yote."